Mtani Aliyetiwa Ganzi

Kiti kilikuwa kitupu, na Ponsiano Ngonyani alikuwa akikiomba radhi.

"Fidea," alikiambia, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Ninahisi huzuni ninapotambua kwamba hupo nasi. Ninabeba wajibu wangu. Ninakutakia amani."

Akamgeukia mshauri wake. "Vipi hapo, Daktari? Nimeruka kitu?"

Hakuruka kitu. Atuganile Mwambene ndiye aliyemfundisha maneno yale, sentensi moja moja, kama alivyofundishwa yeye chuoni: anza na "ninahisi", taja kilichotokea, usijitetee.

"Sasa hamia upande wa pili," alisema. "Kaa kwenye kile kiti. Wewe ni Fidea. Mjibu."

Ponsiano akainuka, mwanamume wa kifua kipana aliyezoea kujikunja ndani ya vyumba vya malori, akakaa kwenye kiti, akafikiri kidogo.

"Asante, mjomba. Nimekuelewa."

Akarudi mahali pake.

Zamani, kabla ya ganzi ya hisia, watu walikiogopa kiti kile. Atuganile alikuwa amesoma habari za wateja walioshindwa hata kukitazama, wa wengine waliokipiga teke, na wa mmoja aliyekumbatia miguu yake akalia mpaka sauti ikamkauka. Unamkalisha asiyekuwepo, unamwambia ulichoshindwa kumwambia, kisha unakaa mahali pake na kujisikia ukijibiwa. Ilikuwa mbinu yenye meno. Leo palikuwa na mtu mzima anayehama viti tu.

Ukutani, taa ndogo ya kijani ilionyesha ngazi ya ganzi ya Ponsiano: tisa kati ya kumi. Nyuma ya sikio lake kilikaa kishikizo cha rangi ya ngozi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakikuwa kimefuta kumbukumbu yoyote. Alikumbuka barabara ya Ipogolo, msururu wa malori yanayojiendesha, na yeye ndani ya la kwanza akiwa mwangalizi. Alikumbuka king'ora cha tahadhari alichokiziba kwa kitambaa kwa sababu kilimpigia kelele kwa kila mbuzi, na kwa kuwa wenzake wote waliviziba vyao hivyo hivyo. Alimkumbuka mtoto aliyevuka akiwa na mkoba wa shule. Ila njia ya kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kifuani ilikuwa imefungwa. Ukimgusisha kaa la moto angeruka. Ukimtajia Fidea angekusikiliza kwa adabu.

Atuganile naye alikuwa na kishikizo chake. Kanuni ya kituo chao cha ushauri iliwataka washauri wote wavae ngazi ya sita wakiwa kazini, ili wasirudi nyumbani na vilio vya watu. Yeye hakukivua hata akiwa nyumbani, na hakuweza kukumbuka aliacha lini kukivua.

"Hodi, nimeshaingia," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa ajuza mfupi, kitenge juu ya koti la baridi, viatu vya mpira vimejaa tope la bondeni. Nyuma yake kijana wa mapokezi alikuwa akitapatapa. "Bibi, nimekwambia mle ndani kuna kikao!"

"Nimekiona. Watu wawili, viti vitatu." Akakivuta kiti cha Fidea, akakikalia.

Ponsiano akasimama. "Shikamoo, Bibi."

"Siitikii."

Ndipo Atuganile akajua huyu ni nani: Bibi Sekinyaga, bibi yake Fidea, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Akamfanyia ishara kijana afunge mlango.

"Karibu, Bibi. Pole na—"

"Pole zako weka kwanza." Bibi alimnyooshea Ponsiano kidole bila kumtazama. "Huyu bwana alikuja msibani kwangu. Watu wako mikekani, wanawake wanalia, nikaambiwa Mngoni amefika. Nikasema, afadhali. Unajua kwamba sisi Wahehe na wao ni watani?"

"Najua, Bibi."

"Wewe mtu wa Tukuyu utajua nini zaidi ya ndizi? Sikiliza. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuchekana. Tangu hapo, nikifiwa, Mngoni ndiye anayekuja kunivurugia msiba. Anamwiga marehemu anavyotembea. Anaficha jembe la kuchimbia kaburi. Ananiita mla mbwa, namwita mla panya, mpaka nicheke, na nikishacheka, ndipo naweza kulia vizuri. Hiyo ndiyo kazi yake. Sasa aliyeniulia mtoto akatokea kuwa Mngoni! Nikasema, Mungu naye ana mambo yake, lakini huyu angalau ana mlango wa kuingilia. Mtu mwingine ningemfanyaje? Ningemchukia tu mpaka nife."

"Na akaja," Atuganile alisema.

"Akaja. Akasimama katikati ya uwanja." Bibi akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti. "'Ninahisi huzuni ninapotambua kwamba Fidea hayupo nasi.' Kama mtu wa stendi anayetangaza kwamba basi limechelewa! Halafu akaniuliza kama ninahitaji muda wa kutafakari."

Atuganile aliitazama mikono yake mwenyewe. Maneno yalikuwa yake. Alijua kwamba hapa ndipo mtu huona aibu, akaitafuta aibu hiyo kama mtu anayepapasa kwa ulimi mahali palipong'olewa jino. Hakuipata.

"Arobaini ya mjukuu wangu ni baada ya wiki mbili," Bibi alisema. "Sitaki machozi yake. Machozi hata kitunguu kinatoa. Namtaka mtani wangu. Aje anitanie mbele za watu, tumalizane. Asipoweza, asilikanyage tena bonde lile, na mimi nitazikwa na kitu hiki kimenikwama hapa." Akajigonga kifua. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama Ponsiano usoni. "Haya, mla panya. Nitukane."

Ponsiano akafikiri kwa bidii. Ilionekana kabisa kwamba anajitahidi.

"Bibi," alisema, "nafahamu kwamba una hasira."

"Umeona?" Bibi alimwambia Atuganile. Akainuka, akaondoka, akaacha tope sakafuni.

*

Profesa Kabigumila, mkuu wa kituo, alimsikiliza Atuganile huku akimenya chungwa. Alikuwa mtu wa suti, mwenye kujivunia taaluma yake, na hakuwa na haraka.

"Unataka kumtoa mtu ganzi ili akamchekeshe bibi kizee."

"Nataka kumtoa kwa sababu hatujafanya chochote, Profesa. Ganzi hii ilibuniwa kama ile ya daktari wa meno. Unachoma, unang'oa jino, ganzi inaisha. Sisi tunachoma, kisha tunamwambia mtu aende nyumbani na jino lake bovu."

"Anakwenda nyumbani akiwa hai." Profesa aliweka ganda mezani. "Mwambene, umesoma kama nilivyosoma mimi. Wakubwa wetu walibishana zaidi ya miaka mia. Kuna waliosema chimba utotoni, kila maumivu yana mzizi uliofukiwa. Wakaja waliosema achana na mizizi, geuza fikra, maana fikra ndiyo inayouma. Wengine wakasema msikilize tu, mkubali alivyo, atajiponya mwenyewe. Na wale wa kumpeleka mtu kwenye anachokiogopa, hatua kwa hatua, mpaka akizoee. Wote walikuwa na ukweli wao, na wote walizika wateja. Mimi, tangu ganzi ije, sijazika mtu hata mmoja."

Atuganile alikuwa akimkumbuka Ponsiano wa siku ya kwanza, aliyeletwa akiwa ameshikwa mikono na mkewe na shemeji yake, kwa sababu mara mbili walimzuia asijitoe uhai. Aliweza kuuona uso wake. Ulikuwa kama uso wa mtu ndani ya gazeti la mwaka jana.

"Muulize mwenyewe," Profesa alisema. "Mteja ndiye mwenye neno la mwisho. Hilo nalo ulifundishwa."

Akamuuliza.

"Sawa," Ponsiano alisema.

"Sawa nini? Tuiteremshe?"

"Ndiyo. Sawa."

"Na nikisema tuipandishe mpaka kumi?"

"Sawa pia, Daktari."

"Nikisema tukukate mkono?"

Akaitazama mikono yake. "Wa kulia nautumia kazini."

Kwenye kumbukumbu za kituo ilikuwepo sauti ya Ponsiano mwingine, yule wa siku ya kwanza, akitoa ridhaa yake kabla ya kuwekewa kishikizo. Atuganile aliisikiliza peke yake. Ilikuwa sauti iliyochanika. *Nizimeni. Na nikija kesho kuwaomba mniwashe, nawasihi msinisikilize.*

Basi walikuwa Ponsiano wawili. Aliyehisi alikataa kuhisi. Asiyehisi alikubali lolote. Yupi kati yao ndiye mteja? Nadharia zote alizozijua zilianza na mtu mmoja aliyeketi mbele yako na kutaka kitu.

Agripina, mke wa Ponsiano, alikuwa akisubiri barazani, mtoto wao amelala mgongoni.

"Anakula," Agripina alisema. "Anaamka, anaoga, anakwenda kukaa kwenye benchi la nje. Mtoto akianguka anamwinua, anamfuta vumbi vizuri kabisa. Ila hamwambii pole, dada. Anamsimamisha tu kama mtu anayesimamisha chupa." Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Lakini yuko. Ukinirudishia yule mwingine, unaniahidi hatakufa?"

"Siwezi kukuahidi."

"Basi mbona unasema kama unaniambia saa?"

Atuganile alimtazama. Alitambua kwamba swali lile ni la haki, na kwamba mtu anayeamua juu ya uhai wa mwingine hapaswi kuwa mtulivu namna hii. Utulivu wake haukuwa hekima. Ulikuwa ngazi ya sita.

Akaingia ofisini, chumba kile cha viti vitatu, akafunga mlango, akakivua kishikizo chake kwa ukucha.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha akasikia njaa. Kisha macho yake yakaangukia tope lililokauka sakafuni, akaelewa kwamba Bibi Sekinyaga alikuwa amepanda kutoka bondeni mpaka hapa Gangilonga kwa miguu, kilima chote kile, kwa viatu vya mpira, kuja kuomba atukanwe. Hapo aibu ikafika. Ilifika ikiwa imechelewa, na ilikuja na jamaa zake wote: kila mteja aliyemtikisia kichwa, kila kilio alichokiita maendeleo. Alikaa chini ya meza yake, mwanamke mwenye shahada mbili, akajifunika uso kwa shuka la kituo.

Iliyokuja mwisho ni hofu. Alimwogopea Ponsiano. Alimwona wazi akiwa amekufa, akamwona Agripina, akamwona mtoto. Na hofu ile ikamwambia jambo ambalo vitabu vyake vilikuwa vimelisema bila yeye kulisikia: mtu huyu asiachwe peke yake.

Aliporudi barazani macho yamevimba, Agripina alimtazama kwa muda mrefu.

"Naogopa," Atuganile alimwambia.

"Ehe," Agripina alisema. "Sasa tunaweza kuongea."

*

Waliiteremsha ganzi nyumbani kwa Ponsiano, ngazi moja kwa siku, Atuganile akiwa mgeni wao, akilala sebuleni. Profesa Kabigumila aliweka sahihi yake na kusema, "Akifa, jina ni lako." Atuganile akajibu kwamba anajua.

Kabla ya kuanza alimwambia Ponsiano: "Kaka, uliniomba nisikusikilize ukitaka kuwashwa. Naivunja ahadi hiyo, na dhambi yake ni yangu. Ila nakupa nyingine. Ukisema rudisha, nitarudisha pale pale, bila kukuuliza kwa nini."

"Sawa," Ponsiano alisema.

Kwenye nane na saba hakukuwa na kitu. Kwenye sita aliacha kumaliza chakula. Kwenye tano aliuliza, ghafla, akiwa amekaa kwenye benchi: "Lile lori nani aliliosha?"

Kwenye nne hakusema neno tangu asubuhi mpaka jioni.

Kwenye tatu alipiga yowe lililowatoa majirani nje.

Atuganile alitumia kila alichokijua, wala hakujali kimetoka kwa nani. Alimfanya ataje vitu anavyoviona chumbani: pazia, ndoo, redio, kidole cha mtoto. Alimpumulisha. Alimsimulisha safari ile kutoka mwanzo, tena na tena, mpaka aweze kufika barabarani bila kuziba masikio. Wazo lilipokuja kwamba yeye ni shetani, walilikamata na kulikagua wote wawili, wakaliona halisimami.

"Lakini nilikiziba king'ora," Ponsiano alisema.

Atuganile akafungua kinywa, na mbinu ilikuwa tayari ulimini: kuna ushahidi gani wa wazo hilo? Akakifunga. Kuna fikra ambazo si ugonjwa.

"Ndiyo," alisema. "Ulikiziba."

Wakakaa hapo. Agripina alileta chai, ikapoa.

Kwenye mbili alimshika Atuganile mkono kwa nguvu iliyomwumiza. "Rudisha. Rudisha, rudisha, nakuomba." Naye akarudisha, pale pale, mpaka tatu, kama alivyoahidi. Agripina aliificha mikanda na dawa zote za nyumba kwa jirani, kisha akalala amekingama mlangoni. Kulipokucha Ponsiano alikuwa amekaa, amemshika mtoto.

"Teremsha," alisema.

Hakusema sawa. Alisema teremsha. Atuganile aliusikia uzito wa neno lile na akajua kwamba, hatimaye, ana mteja mmoja.

*

Siku ya arobaini, adhuhuri, uwanja wa Bibi Sekinyaga ulikuwa umejaa watu. Sufuria za pilau zilikuwa motoni. Padri alikuwa amemaliza sala yake na kukaa pembeni na glasi ya togwa. Ponsiano alikuja kwa miguu kutoka barabarani, Agripina upande mmoja, Atuganile upande mwingine. Nyuma ya sikio lake palikuwa na alama ya duara tu, ngozi iliyopauka.

Watu waligeuka walipomwona. Kijana mmoja alisimama kwa shari, akavutwa shati na mama yake.

Bibi alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Hakumwambia karibu.

Ponsiano alisimama mbele yake. Akafungua kinywa, akafunga. Akatazama mlima wa ng'ambo, akatazama sufuria, na Atuganile, ambaye hakuwa na kitu cha kumkinga, alihesabu pumzi zake mwenyewe kwa sababu hakuweza kumhesabia Ponsiano za kwake.

"Mngoni gani huyu?" Bibi alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Amekuja kwangu na mdomo mtupu?"

"Bibi," Ponsiano alisema. Sauti ilikuwa ile ya siku ya kwanza, iliyochanika. "Bibi, nimetembea kutoka barabarani mpaka hapa." Akageuka kuonyesha njia. "Njia nzima sijabwekewa. Mbwa wenu wote wako wapi?" Akaelekeza mkono kwenye masufuria. "Na mimi naona nyama ni nyingi."

Mpishi mmoja akaifunika sufuria yake haraka.

Mdomo wa Bibi ukacheza. Akaubana. Ukacheza tena, na kicheko kikamtoka, kikavu na kikali, kikamtikisa mabega mpaka kilemba kikasogea. "Wamekimbia!" alisema. "Wamesikia Mngoni anakuja, wakasema huyu amemaliza panya wa Songea nzima, sasa anatufuata sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Hata padri. Na Ponsiano alicheka, mdomo wazi, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, akapiga magoti, kisha akaanguka kabisa, paji la uso juu ya mkeka.

"Nilikiziba," alisema kwenye mkeka. "Bibi, king'ora, nilikiziba mwenyewe."

Kicheko cha Bibi kilikuwa hakijaisha kilipogeuka. Atuganile hakuona kilipogeukia. Alimwona tu ajuza akiinamia kichwa cha mtu mzima, akikipiga makofi kwa kiganja, si kwa upole, huku akiliita jina la Fidea kwa sauti ndefu ya bondeni, na wanawake wakiipokea.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, Atuganile alimkuta Ponsiano amekaa nyuma ya jiko juu ya tofali, sahani ya pilau haijaguswa mapajani. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa bondia.

"Inauma," Ponsiano alisema.

Atuganile akakaa chini kando yake.

"Nilidhani nikishafanya itapungua. Haijapungua, Daktari." Akaifuta pua kwa mkono wa shati. "Niambie ukweli. Na kesho itauma hivi hivi?"

"Ndiyo."

Ponsiano akaitikia kwa kichwa polepole. Kule uwanjani Bibi Sekinyaga alikuwa akimwuliza mtu kwa sauti kubwa yule mla panya amejificha wapi, aje aoshe masufuria.

"Basi kesho nipitie mapema, Daktari," alisema.